Vita vya Masikio

Aliye jikoni apunguze moto, aliye njiani atafute kivuli, na anayesikiliza kwa redio ya jirani amwombe jirani aongeze sauti kidogo, maana leo mazungumzo yetu ni ya kusikia. Nani alimsikia nani, nani alisikia vibaya, na nani alilipa gharama yake.

Naanza na moyo wa mtu.

Tarehe 20 Februari 1962 Mmarekani mmoja, John Glenn, alifungiwa ndani ya chombo kidogo kuliko daladala, akarushwa angani, akaizunguka dunia mara tatu. Alipopita juu ya Afrika sauti yake ilidakwa na vituo vya chini: Visiwa vya Canary, halafu Kano kule Nigeria, halafu, tega sikio hapa, Unguja. Ndiyo, Unguja hii hii ya karafuu. Nje ya mji, upande wa Tunguu, Wamarekani walikuwa wamejenga kituo, na humo kituoni amekaa daktari mbele ya mashine, anafuatilia mapigo ya moyo ya mtu aliye zaidi ya kilomita 150 juu ya minazi.

Sasa watu wa mjini walikiitaje kituo kile? Walikiita kituo cha roketi. Tangu 1960 kilisemwa mikutanoni, watu wakakipinga kwa nguvu: Mmarekani analeta makombora Unguja, na siku Mrusi akikasirika, bomu la kwanza litatua kwetu. Kumbe kituo kile kisingeweza kurusha hata fataki ya Sikukuu. Kilikuwa sikio. Sikio la chuma, limetegwa mbinguni lisikie moyo wa mtu.

Unaweza kuwacheka wale waliopinga. Mimi siwacheki. Walikosea kuhusu roketi, lakini jambo moja walilinusa sawasawa: dola kubwa haliji kutega sikio uani kwako kwa kupenda upepo wa bahari.

Ndiyo mada yetu ya leo, wasikilizaji. Ile Vita Baridi, yaani mashindano ya Marekani na Umoja wa Kisovieti, yaliyoanza mara baada ya vita vya 1939 hadi 1945 na kumalizika 1991 Umoja wa Kisovieti ulipovunjika. Wengi wetu tumeisoma shuleni kama habari ya Berlin, ya Moscow, ya Washington. Ukuta umejengwa 1961, ukuta umeanguka 1989, mtihani umekwisha. Lakini kwa miaka thelathini hivi sasa wanahistoria wamekuwa wakifungua majalada na kuwasikiliza wazee, na picha wanayoileta ni nyingine kabisa.

Kwanza jina lenyewe. Baridi! Baridi kwa nani? Ilikuwa baridi Ulaya, ambako majeshi mawili makubwa yalitazamana zaidi ya miaka arobaini bila kupigana. Kila upande ulikuwa na mabomu ya kumaliza dunia, kwa hiyo kila upande uliogopa kumpiga mwenzake usoni. Basi wakapigania uani kwa watu wengine. Muulize Mkorea kama ilikuwa baridi. Muulize Mvietnamu. Muulize mtu wa Angola. Mtu wa Lubumbashi anayenisikiliza sasa hivi hana haja ya kuulizwa. Mama yake alimsimulia.

Mwanahistoria mmoja wa Norway, Odd Arne Westad, alitoa kitabu mwaka 2005 kilichogeuza meza. Hoja yake, nikiisema kwa lugha ya barazani, ni hii: mambo mazito kabisa ya Vita Baridi hayakutokea Ulaya. Yalitokea Asia, Afrika na Amerika ya Kusini, kwenye nchi zilizokuwa zinatoka ukoloni na kutafuta njia ya kujenga maisha. Kila dola kubwa lilizijia nchi hizo na kanuni yake ya maendeleo, kama mganga na dawa yake, na kila moja likiapa kwamba dawa ya mwenzake ni sumu.

Na walijuaje yote hayo? Nirudie swali: wanahistoria walijuaje? Walijua kwa sababu serikali huandika. Kila barua, kila simu ya maandishi, kila uvumi uliosikika kwenye dhifa ya ubalozi uliandikwa na kutiwa kwenye jalada. Waingereza kwa miaka mingi walingoja miaka 30 kabla ya kufungua kabati. Wamarekani wana taratibu zao. Lakini Ujerumani Mashariki ilikuwa na maajabu yake: nchi ilikufa 1990, na mwenye kufa hafungi mlango. Majalada ya chama na ya mashushushu wake yakabaki wazi kabla hata waliotajwa humo hawajazeeka. Fikiria jirani yako mbeya anahama usiku, na daftari lake la umbeya analiacha kibarazani.

Sasa tuingie kwenye masikio yenyewe, na sikio la kwanza ni hiki chombo ulichonacho mkononi.

Nyumbani kwa babu yangu palikuwa na redio ya mawimbi mafupi, imevishwa kitambaa cha kufuma kama bi harusi. Mtoto haruhusiwi kuigusa. Betri zikichoka, ambazo sisi tuliziita mawe, babu alizianika juani juu ya bati zipate nguvu ya jioni moja zaidi. Magharibi ikiisha anasogeza mshale taratibu. Hapa London. Anasogeza kidogo: Cairo. Kidogo tena: Peking. Moscow. Cologne ya Wajerumani. Na wote hao, wasikilizaji wangu, wanazungumza Kiswahili! Cairo ilianza 1954, London 1957, Peking 1961, Washington 1962, Cologne 1963. Lugha ambayo wakoloni waliiona ya kuagizia chai na kubebea mizigo ghafla ikawa inabembelezwa na wenye mabomu ya nyuklia.

Babu aliwasikiliza wote. London kwa habari, Cairo kwa namna walivyowasema wakoloni, na Peking kwa sababu ukiwaandikia barua walikujibu na kukutumia kalenda yenye picha za rangi. Kalenda ya Peking ilitundikwa sebuleni, na kando yake picha ya Kennedy. Mtu akimuuliza, mzee wewe uko upande gani? Anajibu: niko upande wa ukuta wangu.

Usione ni mzaha. Mwanahistoria James Brennan amechimba habari za matangazo ya Cairo kwa Afrika Mashariki, ambako sauti za vijana wa kwetu, akiwemo Ahmed Rashad Ali wa Zanzibar, ziliwakosesha magavana usingizi. Na sehemu kubwa ya maneno ya matangazo hayo tunayo leo kwa sababu Waingereza waliwaweka watu maalumu wayasikilize na kuyaandika. Maneno ya Cairo yametunzwa na aliyeyachukia.

Hilo la kwanza. Sasa twende Zanzibar, na hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo utamu ulipo.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 yalitokea mapinduzi. Kulipokucha, kituo cha redio cha Raha Leo kimeshikwa, na hewani inatoka sauti ambayo hakuna aliyeizoea. Ni ya John Okello, mzaliwa wa Uganda, anajiita Fildi Masheli, anatisha watu kwa amri na kwa hesabu za majeshi ambayo hakuwa nayo. Weka picha hiyo akilini. Mwananchi amejifungia ndani na redio. Balozi wa nchi ya kigeni amejifungia ndani na redio. Wote wawili wanajua kile tu Okello anachowaambia.

Kisha likaja jambo la kigeni zaidi. Mitaani walionekana vijana wachache wenye ndevu na kofia za kijeshi, wanapiga kelele kwa Kihispania: Venceremos! Maana yake, tutashinda. Waandishi wa habari wa nchi za Magharibi wakasikia. Loo! Wacuba wameshuka Unguja! Habari ikapaa mpaka Washington, na huko, kumbuka, mgogoro wa makombora ya Cuba ulikuwa na mwaka mmoja na miezi michache tu tangu kupita. Kilichowaogopesha ni kuwa na Cuba nyingine ya Afrika.

Wale vijana walikuwa nani? Wazanzibari. Watoto wa Ng'ambo na Mji Mkongwe waliokuwa wamepelekwa mafunzoni Cuba na kurudi na ndevu, kofia na neno moja la Kihispania, kama mtu aliyerudi Ulaya anavyosalimia watu kwa bonjour miezi sita mfululizo. Mwanadiplomasia wa Marekani aliyekuwapo, Donald Petterson, alikuja kuandika kitabu mwaka 2002 kuhusu mapinduzi yale, na habari ya hofu hiyo imo. Neno moja la Kihispania likasikika kama jeshi zima.

Na hofu hiyo ilikuwa na bei. Marekani na Uingereza zilisita kuitambua serikali mpya mpaka mwishoni mwa Februari. Mwezi na siku kadhaa. Wakati wao wanasita, China, Umoja wa Kisovieti na Ujerumani Mashariki wameshapiga hodi. Mwanadiplomasia mkuu wa Marekani alifukuzwa visiwani, na kile kituo cha Tunguu kikaagizwa kiondoke. Zanzibar ikaitambua Ujerumani Mashariki kabla ya nchi nyingine yoyote ya Afrika, na majumba ya ghorofa yaliyofuata Kikwajuni na Kilimani mpaka leo watu wanayaita ya Mjerumani. Yaani waliogopa mgeni asiingie, na kwa kuogopa wakamwachia mlango.

Miezi mitatu baada ya mapinduzi, tarehe 26 Aprili 1964, Tanganyika na Zanzibar zikaungana. Najua hapa wengine mmesogea karibu na redio. Je, ni Wamarekani waliotuunganisha? Mwandishi Amrit Wilson alitoa kitabu 1989, akatumia nyaraka za Kimarekani, akasisitiza mkono wa Washington. Profesa Issa Shivji mwaka 2008 akaandika kitabu kinachouliza kama ulikuwa Umajumui wa Afrika au ni hesabu za siasa za siku ile. Wengine wanasema Nyerere wa Tanganyika na Karume wa Zanzibar walikuwa na sababu zao za kutosha, za ndani na za ujirani, na nyaraka zinaonyesha tu kwamba mabalozi waliutamani Muungano na kuushangilia. Mimi naelemea huku, na nitasema kwa nini. Kutamani mvua na kuileta mvua ni mambo mawili. Tena maneno ya Mmarekani ndiyo tunayoyasoma zaidi kwa sababu ndiye aliyeandika na kutunza. Mazungumzo ya wazee wawili wa kwetu, wamekaa na kahawa, hayana jalada.

Sasa kisa cha simu. Naomba msikilizaji wangu uache unachofanya.

Baada ya yule mwanadiplomasia kufukuzwa, Marekani ilimpeleka Zanzibar balozi mdogo aitwaye Frank Carlucci. Kijana, mchapakazi, ametokea Kongo, na alijifunza Kiswahili akawa anakisema. Mwanzoni mwa 1965 mapinduzi yanakaribia kutimiza mwaka. Carlucci anataka Washington itume salamu za pongezi zenye uzito, mambo yapoe. Anapiga simu kwa mwenzake wa ubalozini Dar es Salaam, Robert Gordon, wazungumze namna ya kuwashawishi wakubwa. Na katika kuzungumza wakatumia lugha ya silaha, kwa maana ya hoja nzito za kushawishi. Kama sisi tunavyosema, leo bungeni fulani amerusha makombora, na hakuna aliyekufa.

Kumbe kuna mtu wa tatu kwenye laini. Anasikiliza.

Huyo wa tatu akasikia silaha, akasikia tarehe ya sherehe, akajumlisha. Januari ile ile Carlucci na Gordon wakapewa saa 24 waondoke nchini. Marekani ikajibu kwa kumfukuza mwanadiplomasia wa Tanzania, na Tanzania ikamwita balozi wake nyumbani. Urafiki ukaingia ufa. Yote hayo, nirudie, yote hayo kwa salamu za pongezi.

Lakini ngoja kwanza. Usimhukumu upesi yule msikilizaji wa simu. Wiki chache nyuma, Novemba 1964, zilikuwa zimetangazwa Dar es Salaam barua za kuonyesha njama ya Magharibi ya kuipindua serikali. Watu wakaandamana. Baadaye barua hizo zikaonekana ni za kughushi. Na mwezi huo huo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ndege za Kimarekani zilikuwa zimewashusha askari wa miavuli wa Ubelgiji mjini Stanleyville, ambao leo ni Kisangani. Hiyo haikuwa ya kughushi. Sasa wewe ungekuwa umevaa vile vifaa masikioni, ukasikia Mmarekani aliyetokea Kongo anataja silaha, ungedhani anazungumzia kadi ya heri?

Na kwa kuwa tumeitaja Kongo, hatuwezi kuipita bila salamu.

Patrice Lumumba alipata uwaziri mkuu nchi ilipopata uhuru, tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 5 Septemba Rais Kasavubu akatangaza redioni kwamba amemfukuza. Usiku huo huo Lumumba akaenda redioni akamjibu. Mnaona? Vita vya kipaza sauti. Siku iliyofuata Umoja wa Mataifa, kwa amri ya mwakilishi wake Mmarekani Andrew Cordier, ukakifunga kituo cha redio cha Léopoldville, Kinshasa ya leo. Kwa jina la usalama wa wote. Isipokuwa Kasavubu alikuwa na redio nyingine ng'ambo ya mto, Brazzaville, kwa rafiki yake. Lumumba hakuwa nayo. Mtu ambaye jeshi lake kubwa lilikuwa ulimi wake alinyimwa maikrofoni, na tarehe 17 Januari 1961 akauawa Katanga.

Habari za sumu iliyopelekwa Léopoldville na shirika la ujasusi la Marekani, CIA, zilitolewa hadharani na kamati ya Seneti ya Marekani yenyewe mwaka 1975. Sumu haikutumika. Kwa upande wa Ubelgiji palikuwa kimya mpaka Mbelgiji mmoja, Ludo De Witte, alipotoa kitabu 1999. Kitabu kile kililazimisha bunge la Ubelgiji kuunda tume, na 2002 serikali yao ikaomba radhi. Juni 2022 jino la Lumumba, ndilo pekee lililobaki la mwili wake, likarudishwa kwa familia. Kwa hiyo anayesema kazi ya wanahistoria ni kufukua makaburi, mjibu kwamba kwa Lumumba hata kaburi halikuwapo.

Kiswahili kilimfikia hata Che Guevara. Aprili 1965 mwanamapinduzi yule wa Cuba alipita Dar es Salaam kwa siri, akavuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda kuwasaidia waasi wa mashariki ya Kongo. Wapiganaji walipewa majina ya hesabu za Kiswahili. Mkuu wao alikuwa Moja, wa pili Mbili, na Che mwenyewe, mtu aliyekuwa akitafutwa dunia nzima, akaitwa Tatu. Hodari wa kujificha anayejificha nyuma ya namba ya darasa la kwanza! Alipewa kijana wa Kikongo amfundishe lugha, lakini lugha haijengwi kwa miezi saba. Novemba aliondoka kwa kushindwa, akakaa ubalozi wa Cuba Dar es Salaam akiandika yaliyomkuta. Mwanahistoria Piero Gleijeses, aliyefanikiwa kuingia kwenye majalada ya Cuba, ameonyesha jambo ambalo Washington haikuliamini kwa muda mrefu: Wacuba hawakuwa wakitumwa na Moscow kila mahali. Mara nyingi waliamua wao, Moscow ikaarifiwa.

Jambo hilo, wasikilizaji, ndilo wanahistoria wa leo wanalolirudia sana, nami nalirudia: wadogo hawakuwa karata tu mikononi mwa wakubwa. Walicheza.

Mfano wa nyumbani. Ujerumani Magharibi ilikuwa na sheria yake: ukiitambua ile ya Mashariki, urafiki umekwisha. Baada ya Muungano Nyerere akajikuta na Wajerumani wawili mlango mmoja. Alipowaruhusu wa Mashariki kufungua ofisi ya ubalozi mdogo Dar es Salaam, wa Magharibi, Februari 1965, wakaondoa msaada wao wa kijeshi. Naye akawaambia, mmeondoa huo, basi ondoeni na uliobaki. Mtu maskini anamrudishia tajiri sahani yake! Wapo waliosema ni ukaidi. Labda. Lakini Peking nao walisikia, na Moscow, na Washington.

Reli nayo ni hivyo hivyo. Tanzania na Zambia zilipoomba reli ya kuikwepa Rhodesia ya walowezi, wakubwa wa fedha wa Magharibi walisema haitalipa. China ikakubali 1967. Kazi ikaanza 1970, na kufika 1975 reli ya kilomita 1,860 ilikuwa imelazwa kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Wamarekani nao, waliosema reli haifai, wakajikuta wanajenga barabara ya lami ikielekea huko huko. Mtu wa Mbeya aliwahi kuona wapi wakubwa wawili wanagombea kumtengenezea njia?

Na mwanahistoria Jamie Monson, alipotaka kujua reli ile ilibadili nini, hakuishia kwenye hotuba za uzinduzi. Alikaa na watu wa kandokando ya reli, na akasoma stakabadhi za vifurushi. Vifurushi! Nani katuma magunia mangapi ya mchele, kutoka stesheni gani, kwenda kwa nani. Humo akawaona wafanyabiashara wadogo wa bonde la Kilombero wakiigeuza reli ya mapambano kuwa reli ya ndizi na mchele. Hakuna jasusi aliyejishughulisha na karatasi zile.

Mwenzake George Roberts ameandika juu ya Dar es Salaam yenyewe katika kitabu cha 2021. Mji ule wa kati ya 1961 na 1974, makao ya wapigania uhuru wa kusini, ulijaa watu wanaosikilizana. Kwenye baraza ya hoteli ya New Africa mwandishi wa habari anamsikiliza mwanadiplomasia, mwanadiplomasia anamsikiliza mpigania uhuru, na mhudumu anayemimina chai anawasikiliza wote watatu. Tunacheka, lakini mji huo huo ndimo Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, alipofungua kifurushi tarehe 3 Februari 1969, kikamlipukia mkononi.

Je, wakubwa wenyewe walisikilizana vizuri zaidi? Hata. Oktoba 1962, dunia iko ukingoni kwa makombora ya Cuba, balozi wa Kisovieti mjini Washington, Anatoly Dobrynin, alipotaka kupeleka ujumbe Moscow aliita kampuni ya simu za maandishi. Akaja kijana na baiskeli. Dobrynin mwenyewe amesimulia: walikuwa wakiomba tu kijana asisimame njiani kupiga soga na msichana. Roho za watu wote duniani zimo kwenye kikapu cha baiskeli! Na tarehe 27 ya mwezi huo, nyambizi ya Kisovieti iitwayo B-59 ilikuwa chini ya maji, joto kali, haipati Moscow kwa redio. Manowari za Marekani zikawa zinadondosha baruti ndogo za kuipa ishara iibuke. Mle ndani hawakujua ni ishara. Walisikia mabomu. Kwa ushahidi wa waliokuwemo, nahodha alikaribia kutumia torpedo ya nyuklia, na ofisa mmoja, Vasili Arkhipov, akamtuliza. Dunia ilikuja kulisikia jambo hilo kwa mapana 2002, kwenye mkutano wa Havana, miaka 40 baadaye. Wewe uliyezaliwa 1963 uliishi miaka yote hiyo bila kujua umeponea wapi.

Muda umenibana, fundi mitambo ananionyesha vidole viwili.

Narudi kwenye simu ya Zanzibar, maana hainitoki kichwani. Frank Carlucci alipanda, akawa Waziri wa Ulinzi wa Marekani mwaka 1987, na alifariki 2018. Kisa cha simu ile alikisimulia mwenyewe, kikarekodiwa, na leo mtu yeyote anaweza kukisoma. Petterson naye ameandika. Upande wa waliozungumza tunao.

Upande wa aliyesikiliza mimi sijaukuta popote. Alikuwa na umri gani? Kiingereza alijifunzia wapi? Alipopeleka taarifa yake asubuhi ile, mkono ulimtetemeka? Na siku aliposikia maneno yale yalikuwa na maana gani, kama aliwahi kusikia, alicheka au alikasirika?

Kama ulikuwa na miaka ishirini mwaka ule, bado unaweza kuwa hai, na kwa ulivyozoea kusikiliza sina shaka redio yako iko wazi. Mzee wangu, shikamoo. Studio yetu ina kiti, ina chai ya tangawizi, na safari hii tutasikiliza sisi.